Mpimaji wa Abiria, Apia

Kazi yangu ni mizani.
Ndege ni ya viti kumi na tisa,
rubani haulizi jina lako, anauliza kilo.
Panda, bibi. Na kapu. Na hicho kikopo mkononi.
Wazito mbele, wepesi nyuma,
mchungaji peke yake, kushoto.

Tangu nianze naulizwa mawili yaleyale:
ni mbali kiasi gani, na tutafika lini.
Najibu bila kuinua macho.
Hadi Pago Pago, kilomita mia na ishirini na ushei,
nusu saa na dakika tano,
upepo ukikaidi, arubaini.
Pingili ya muwa haijaisha mdomoni, magurudumu yako chini.
Ila mtafika jana.

Wageni hucheka, huipiga picha tiketi:
kuondoka Ijumaa, kuwasili Alhamisi.
Sisi hatucheki. Saa ya ukutani haiguswi,
saa tisa ya huku ndiyo saa tisa ya kule,
ni kalenda tu inayorudishiwa ukurasa uliochanwa.
Mwaka ule tulipohamia upande wa pili wa mstari
tulilala Alhamisi, tukaamka Jumamosi.
Ijumaa, tarehe thelathini Disemba, haikuwapo.
Binti yangu Sieni alikuwa atimize miaka saba siku hiyo.
Mpaka leo ananidai keki.

Bibi Leutu namjua.
Kila Machi hula sikukuu yake ya kuzaliwa hapa,
kisha huruka kwa pacha wake, na kule
siku yenyewe bado haijafika,
wakaila tena, wawili.

Leo si Machi.
Kilo sitini na nane. Mara ya mwisho sabini na tatu.
Kapuni mkeka laini, umekunjwa mara nne, unanuka kabati.
Kikopo ni kakao, ameitwanga mwenyewe.
Nikamwambia ashuke. Hakushuka.

"Mwanangu, wamenipigia leo saa nne asubuhi.
Filemu amekata roho.
Leo Ijumaa, sivyo?
Na wewe unanipeleka Alhamisi.
Alhamisi, saa kama hizi, nilikuwa naye kwenye simu,
ananigombeza, kakao ya mwisho ilijaa maganda."

Foleni ikakohoa.
Nina jibu la mzigo uliozidi, nina jibu la mvua,
nina jibu la mbwa anayelala katikati ya lami.
Nilitaka kumweleza kwamba Alhamisi ziko mbili,
kwamba ile ya maganda, kule iliitwa Jumatano, na imekwisha,
na hii anayoiendea ni jina tu,
ndani yake imo asubuhi hii hii.
Nikasema, "Kiti cha pili, dirishani."

Aliitazama sindano ikitetema miguuni pake.
"Kwa hiyo hata jana nitachelewa."
"Kwa saa tano, bibi. Na kitu."
"Tano," akasema, kama mtu anayehesabu chenji,
akashuka, mguu mmoja kwanza.

Nikaandika: Leutu, sitini na nane. Kapu, tisa.
Kikopo sikukiandika.
Tiketi ya kurudi hakukata.

Saa tisa na dakika thelathini na nane redio ikakwaruza:
wametua Pago Pago, Alhamisi, jua kali.
Mimi nilikuwa bado Ijumaa,
nafagia unga wa kakao juu ya mizani,
kidogo mno, sindano haikuuona.