Mkono wa Kushoto wa Lugembe

Mistari ya uwanja wetu pale Luchelele
ni kamba ya kokoro. Nyavu zake zilichomwa,
kamba ikabaki, na Bi Nshoma aliyelikamata
ndiye refa wetu. Yeye haoni ajabu:
zamani nilipima matundu, asema, sasa napima vidole.

Kanuni anazitamka kabla ya kila mechi
hata kama wote tunazijua.
Mpira haukai. Si gunia la dagaa
ulipokee kifuani, upumue, ulitupe kwenye lori.
Uje, uguswe, uende.
Juu ya wavu usiudokoe kwa vidole vilivyofunguka
kama mtu anayeonja mboga ya jirani.
Bisha hodi kwa vifundo,
au vidole vikakamae kama vya maiti
(hapo Bi Nshoma hacheki).
Ukiupaisha ukavuka, uvuke kule mabega yalikoelekea,
labda kama ulimpa mwenzako, upepo wa ziwa ukauiba:
upepo hatuupulizii filimbi.
Na kombora likikujia usoni
unaruhusiwa kulikawiza viganjani, kufumba na kufumbua.
Woga nao umetengewa nafasi yake.

Lakini ukipaisha, mikono miwili ifike pamoja.

Hapo ndipo tunapozama mimi na Lugembe.
Usiku anachuna minofu ya sangara kiwandani,
zamu nzima mikono i barafuni.
Mwaka juzi kisu kiliingia wa kushoto;
kidole cha kati hakinyooki,
na mkono wenyewe hufika umechelewa
kama shemeji wa Ukerewe aliyekosa meli ya asubuhi.

Kumi na tisa kwa kumi na tisa, seti ya mwisho,
ndugu wawili wa Kayenze wanatema mchanga ng'ambo ya wavu.
Lugembe akapaisha. Wa kulia ukagusa.
Kisha wa kushoto.
Filimbi. Bi Nshoma kainua vidole viwili.

Watu wakachachamaa: Mama, mkono huo ni wa kiwandani!
Mwonee huruma!
Akawageukia. Kila kokoro nililochoma
lilikuwa na watoto nyuma yake wanasubiri ugali.
Mnadhani sikuwaona?

Mimi nilitaka kubishana. Lugembe akanivuta kaptula:
nitakupa kwa mikono ya chini.
Mpira uliporudi, mkono mzima ukaukumbatia mbovu,
viwiko vikanyooka, mifupa ya watu wawili ikawa ubao mmoja,
na mpira ukapanda ovyo,
unayumba kama kuku anayeparamia paa,
halali.
Nikaupiga. Kamba ya kokoro ikatikisika.
Tuliipata hiyo. Mbili zilizofuata hatukuzipata.

Jua likiegemea mawe, Lugembe aliketi majini
akiloweka vidole. Bi Nshoma akaja, viatu mkononi,
akauchukua ule wa kushoto, akajaribu kukinyoosha kidole
polepole, kama alivyozoea kufungua tundu la wavu alipime,
akaushika, akaushika,
muda ambao mpira wowote ungekwisha kuwa kosa.

Kisha Lugembe akauliza saa.
Zamu inaanza saa mbili.