Mtutu wa Kulia

Bunduki ya mjomba Nalinga ilinifikia
imeviringishwa ndani ya kanga,
kanga ya kuvaa, si kanga wa kuruka,
juu ya pikipiki kutoka Kilimarondo.
Kwetu mali ya mjomba humwangukia mtoto wa dada.
Kaka zangu walichukua mikorosho.
Mimi, fundi wa vyerehani sokoni Nachingwea,
nikapewa chuma.

Kwanza polisi, na kitabu chake cha leseni,
picha ya mjomba akiwa bado na nywele.
Koplo akalamba kidole, akafunua:
“Na wewe, dada, utapiga nini?”
Nguruwe, nikasema. Wamehamia mihogoni kwa mama
kama wapangaji, na kodi hawalipi.
Akacheka.
Muhuri aliugonga baada ya wiki sita.

Nikailaza mezani, kati ya vyerehani viwili
vinavyosubiri mikanda.
Mchwa walikuwa wamekula kitako hadi kwenye skrubu.
Springi zilikuwa hai.
Nyundo ya kushoto ilicheza kama jino la mtoto.
Na kutu, kutu ilikuwa ya namna mbili:
nyekundu, yenye kelele,
inayoondoka kwa msasa laini na mafuta ya cherehani;
na nyeusi, nyamavu, iliyokwisha kuchimba.

Usiku nikamulika ndani kwa tochi ya simu.
Mtutu wa kulia: duara ndani ya duara,
kisima kilichotulia.
Wa kushoto: ndui.
Vishimo juu ya vishimo, pale pale
ambapo mkono wangu ungeshika.

Mnunuzi wa ufuta, akikwepa jua kibandani kwangu,
akaiona. “Laki nne. Nitaing’arisha,
nitaitundika sebuleni.”
Sebuleni kwako kuna nguruwe?

Kitako nilikipeleka Masasi,
kwa Dastani Ntalika, mchonga vinyago.
Nilitaka mpingo. Nilitaka fahari.
Akaupima mkononi, akaurudisha kwenye rundo:
“Huu mzito, halafu una hasira.
Ukipigwa teke utapasuka. Chukua mninga.”
Akanipima kwa kamba ya katani,
si bega la mjomba, bega langu,
akapunguza vidole viwili.
Hapo nililia, mbele ya vinyago vyake vyote,
na sijui mpaka leo kwa nini.

Weusi wa zamani sikuurudisha.
Kwenye wenzo wa kufungulia, dole gumba lake
lilikuwa limesugua chuma miaka arobaini
hadi kikawa cheupe.
Pale msasa wangu haukufika.
Nilipaka mafuta, nikaweka dole langu:
likazama, likabaki na nafasi pembeni.

Mtutu wa kushoto niliuziba.
Nyundo yake nikaitoa, nikaifunga kitambaani,
nikaitia kwenye kopo la vifungo.
Fundi mwingine angesema utavumilia.
Chuma hakivumilii.
Kinanyamaza, kinanyamaza,
halafu siku moja kinasema yote kwa mpigo.

Novemba. Mvua ya kupandia bado.
Alfajiri nimesimama ukingoni mwa mihogo,
mama nyuma yangu na sufuria na mwiko,
maana hakuniamini.
Wakatangulia kanga, wa kuruka sasa,
ishirini hivi, madoadoa, wakigombana njia nzima.
Niliwaacha. Kibali changu kimeandikwa nguruwe.

Akaja. Dume, matope hadi masikioni.
Nikafyatua.
Bega likapokea. Mninga haukulia.
Moshi ulipoondoka
dume alikuwa ameshavuka bonde na ukoo wake wote,
na marisau yamekwenda kwenye mkorosho wa kaka
kuangusha bibo tatu.

Siku mbili mihogo ilipumzika.
Ya tatu wakarudi.
Mama akatazama mashimo, akatazama bunduki,
akafunga kanga yake vizuri kiunoni:
“Ndiyo yenyewe. Hata kwa mjomba wako
ilikuwa ikikosa hivi hivi.”