Upande wa Kuuzwa

Arua, nyuma ya soko la mbao,
fundi Candiru ananisukumia gitaa lililopasuka tumbo.
"Lina nini?"
Sijui.
"Basi liulize."

Nabisha hodi ubaoni kwa kifundo cha kidole:
hapa mvule unaitika,
hapa umenuna.

Shingo nimechonga tatu, zote zikapinda.
Mbili za kwanza zilipikia maharage.

Leo navuta waya wa breki ya baiskeli,
uzi wa sita, taratibu,
sikio mbaoni, pumzi nimeibana.
Ka!
Nikajua gundi imeachia.
Kumbe goti langu.

Candiru hakucheka.
Alipitisha kidole gumba penye mshono,
akarudia,
kisha akalitundika ukutani,
upande wa yale ya kuuzwa.