Nakala ya Nne

Mimi ndiye niliyemtolea kopi barua yake,
nakala tatu, mia kwa kila karatasi,
na kosa langu ni hili: niliisoma.
Mashine yangu hukohoa kwanza kabla ya kutema,
mtu hupata wasaa.

"Nimefundisha timu mbili," kaandika kwa mkono,
herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo.
"Zote mbili zilishuka daraja.
Sababu nazijua."
Basi. Chini yake sahihi: Shaame Mkubwa Faki.

Nikamwambia, mia tatu.
Hakuomba kupunguziwa.

Ijumaa, watu hawajavaa viatu nje ya msikiti,
Wete nzima ishapata kocha wake.
Sleyum wa bodaboda kasikia kwa mtu wa Chake
kwamba huyu kasomea Misri, tena miaka mitatu.
Bi Time wa jikoni, pale dahalia, anapiga hesabu kwa mwiko:
chuo cha Unguja watafungwa matano,
moja kwa kila mwaka waliotucheka.
Wasichana wa Sayansi, mwaka wa pili,
wameshona bendera kwa pazia la maabara,
pete za pazia bado zinaning'inia, zinalia zikipepea.
Na Omar Chumu, mlinzi wa geti,
aliyeapa mwaka jana, baada ya zile saba bila,
kuwa mpira hatoutazama tena mpaka azikwe,
kakigeuza kiti chake.
Hakusema kitu. Kakigeuza tu, kikaelekea uwanjani.

Nami miongoni mwao nimemeza ulimi.
Karatasi ya mteja ni amana.
Lakini usiku, wallahi, nilikuwa nikigeuka kitandani
nikihesabu: mbili zimeshuka, na yetu ya tatu.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulijaa pembeni,
wengine juu ya ukuta wa choo.
Kocha akaja bila mpira.
Kaja na ndoo.

"Okoteni mawe," akasema.

Vijana wakatazamana. Uwanja wetu una mawe
tangu ulipokatwa kwenye shamba la watu,
nasi tumeyazoea kama mtu anavyozoea jino bovu.
Nahodha akauliza: tumekuja kucheza au kujenga?
Kocha keshainama, anaokota.
Kimya kikatanda, kimya cha aibu,
mpaka Sleyum akapaza sauti kutoka ukutani:
"Mbinu hiyo! Misri ndivyo wanavyofanya!"

Tukacheka. Kisha Bi Time akafunga kanga kiunoni, akashuka.
Nikashuka na mimi.
Siku nne. Sijui ndoo ngapi.
Mikono yangu ya wino ikatoka malengelenge.

Siku ya tano mpira ukarushwa juu,
ukashuka, ukapiga chini,
ukarudi pale pale ulipotarajiwa kurudi.
Hapo nikamwona Bakar Hamad, kipa,
aliyefungwa zile saba, mbili kati yake
zikiwa zimegonga jiwe zikamruka kichwa.
Kasimama golini hadaki. Anautazama tu unavyodunda,
anautazama kama mtu aliyerudishiwa mkopo aliokwisha kuusamehe.
Nami nikayakumbuka yale maneno mawili ya mwisho ya barua.

Najua. Uwanja safi haufungi mabao.
Mawe ya Unguja nani atatuokotea?
Huenda tukala nyingine saba, mara hii bila kisingizio.

Ila nikiri na hili: siku ile mashine ilikwama,
ikatema nakala ya nne, nami nikaificha mtoteni.
Leo Jumamosi nimefunga duka saa saba.
Nimeitoa. Upande wa nyuma, mweupe,
nimeandika matokeo kwa penseli, kabla watu hawajacheza:
Sisi, mbili. Wao...
hapo nikasita, mkono ukawa mzito,
nikawapa moja, kwa adabu.

Nikafika getini. Kiti cha Omar Chumu kitupu.
Nikatafuta ufutio mfukoni,
ile moja yao nikaifuta.