Narudi Ijumaa

Ukiuliza Wete ina umri gani
watu watakutajia misimu, si miaka:
msimu wa neema aliozaliwa Ngwali,
msimu wa mvua mbaya, karafuu zikavundia mkekani,
msimu wa bei kama tusi,
mamangu akaapa hachumi tena,
na mwaka uliofuata akawa wa kwanza kuparamia mti.

Barabara inateremka
kama mtu aliyesahau kitu gatini.
Maduka huku na huku, baraza za saruji
zimelika ukingo kwa makalio ya wenye habari.
Matatu yamefungwa tangu mwaka wa mapinduzi.
Ufunguo wa duka la Jivraj uko kwetu,
umetundikwa msumarini, nyuma ya kalenda.
Alimwambia babu: "Nishikie, narudi Ijumaa."
Hakusema Ijumaa ipi.

Babu kazikwa. Kalenda tunabadilisha.
Mlango wenyewe ushaliwa na mchwa,
mtoto angeusukuma kwa kidole.
Hakuna aliyeusukuma.

Lakini usituone malaika.
Mji huuhuu ulimlea Bi Chumu,
aliyebandika nta chini ya sahani ya mizani,
na mji huuhuu ukamuumbua
sokoni, mchana, mbele ya wauza tungule.
Hakupigwa. Hakushitakiwa.
Walinunua kwake kama kawaida,
kisha kila mmoja akapima upya, palepale,
kwa jirani yake, bila neno.
Mwezi mzima.
Nta akaikwangua mwenyewe, kwa kijiko.

Msimu ukirudi, mji wote unaanikwa:
mikeka hadi ukingo wa lami,
magari yanapita kwa adabu, kama penye msiba.
Harufu inaingia kwenye chai,
kwenye madaftari, hata kwenye ugomvi.
Msimu ukiisha tunalala saa tatu,
na apitaye gizani tunamjua kwa kikohozi.

Juzi kaja kijana, kamera shingoni,
Kiswahili chake cha kuokotaokota.
Anatafuta duka la babu wa babake,
jina analo kwenye karatasi: Jivraj.
Mama hakumjibu.
Aliisogeza kalenda,
akautoa ufunguo, akaupangusa kwa kanga,
akautia kiganjani mwake.

"Leo siku gani?"

Kijana akatazama simu. "Jumatano."

"Basi umewahi," mama akasema,
akaenda kuteleka chai.