Kijiti cha Soazig

Huku Bretania udongo wetu ni mchachu,
ndiyo maana haidrenjia za Soazig ni buluu,
buluu ya wino uliomwagikia daftari.
Dada yake Annaig, ng'ambo ya daraja,
aliyeupa udongo wake chokaa,
alipewa kijiti cha shina lilelile:
kikachanua rangi ya waridi.
Mwaka mzima hawakusemezana.
Kila mmoja alidhani ametaniwa.

Oktoba akaja mkwe, Gwenole,
na mkasi mpya na nia njema.
Akafyeka yote, usawa wa goti.
"Nimekusafishia, mama."
Soazig kimya. Angemwambiaje
kwamba maua ya mwakani yalishalala
ndani ya vijiti anavyovirundika motoni?

Kiangazi kikaja na majani, majani tu,
mapana, ya kijani, bubu.
Ila ile nyeupe ya ukutani,
yenye mashada yaliyochongoka kama pia,
ichanuayo kwenye tawi jipya:
hiyo haikuweka kinyongo.

Soazig akaimwagia ndoo nzima.
Kisha akainua simu.
"Annaig. Nirudishie kijiti kimoja.
Rangi isikutie shaka, huku itageuka.
Kata chini ya fundo."