Hamira Haina Swichi

Muuzaji wa duka la dawa pale Sinza
alinipimia kwa macho mrija wa dripu, akauliza,
"Mgonjwa nani?"
Nikasema, "Majani."
Akacheka, akanipunguzia mia mbili.

Lakini yalikuwa yanaumwa, si mzaha.
Manjano kwenye ncha, ukoga mgongoni,
yamesimama ndani ya tangi kama wapangaji
wanaodaiwa kodi ya miezi sita.
Niliyatoa Kariakoo ndani ya kopo la rangi,
nikayapa taa, nikayapa mchanga wa mto ulioshwa mara saba,
sikujua kwamba jani nalo lina njaa ya hewa,
ile ile tunayoitupa sisi kila tukishusha pumzi.

Basi: chupa ya soda, ile ngumu.
Sukari vikombe viwili.
Maji ya vuguvugu, ya kumwogesha mtoto wa arobaini.
Kizibo nikakitoboa kwa msumari uliolala kwenye mkaa
hadi ukaiva. Gundi. Kisha kuisubiri gundi.
Na kule mwisho wa mrija, ili viputo vitoke vidogo,
kipande cha mswaki wa mti, nilichokichemsha
mpaka kikaacha kunuka kinywa cha babu.

Ikabaki hamira.
Hamira ni ya Sikudhani, kwenye kopo la maziwa
juu ya kabati, nyuma ya iliki.
"Hii ni ya kuumua unga," alisema,
"wewe unaipa chupa. Wateja wangu wale mapovu?"
Nikachota nusu kijiko alipogeuka.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili alfajiri, kiputo. Kimoja.
Kikasita kwenye mswaki, kikajing'oa.
Kufika adhuhuri, kimoja kila sekunde mbili,
nami juu ya stuli, pasi ya mteja imepoa mapajani haijafunguliwa,
nahesabu kama nilivyohesabu matone ya mama pale Amana,
ila yale yalikuwa yakishuka.

Harufu ndiyo iliyonichongea.
Bi Mwanakheri mwenye nyumba alinusa korido nzima
akaenda kumwita mjumbe.
Mzee Kalembo akaja na daftari na mgambo mmoja.
"Tumesikia humu mnapika gongo."
Nikawasha taa ya tangi.
Kila jani lilikuwa limevaa shanga,
shanga za hewa, zikikatika moja moja kwenda juu.
Mgambo akachuchumaa.
"Kwa hiyo pombe hii wanakunywa samaki?"
"Pombe inabaki chupani, kaka. Majani yanakula pumzi yake tu."
Mjumbe hakuandika kitu. Alikaa mpaka chai ikaletwa,
na ilipokwisha akaendelea kukaa.

Juzi umeme ukakatika saa nne usiku.
Gizani jani halili.
Linafunga kinywa, na lenyewe linageuka mdai wa hewa.
Hayo nilikuwa nayajua.
Nilijua pia kwamba hamira haina swichi,
kwamba ukishaipa sukari haikuulizi saa.
Nikasema nitaamka kidogo kuutoa mrija.
Nikalala kama gunia.

Asubuhi tangi lilikuwa limepungua maji
na kujazwa mengine, ya ndoo ya akiba.
Samaki wote saba, nilihesabu mara mbili.
Mrija ulikuwa umelazwa kwenye kikombe cha chai
ukibwabwaja peke yake.

Yeye huamka saa tisa kukanda.
Kumbe alipita na tochi, akaona midomo saba
imebandikwa juu ya maji, inaomba.
Hakuniamsha. Hakuniambia.
Ukiondoa herufi moja kwenye kupumua
unabaki na kuumua;
huenda ndiyo maana alielewa haraka kuliko mimi.

Nilimkuta mbele ya karai, unga hadi kwenye kiwiko,
maandazi yakijigeuza yenyewe kwenye mafuta.
Hakuinua macho.
"Lile kopo," akasema, "usilifungue kwa mkono wa maji.
Na leo nikuachie nusu kijiko, au robo?"